Goti la Kalunde kwenye Mchoro wa Tatu

Bahasha ilifika shuleni Nunguni, alikofundisha Kalunde, Jumanne, mwezi wa Februari 1995. Ilitoka kwa fundi wa maabara ile ya Ulaya ambako alisoma miaka mitatu, kisha akarudishwa nyumbani bila shahada. Ndani mlikuwa na makala iliyokatwa kutoka jarida la fizikia na karatasi ndogo: "Nimeona ni haki uisome."

Kalunde aliisoma amesimama, chaki bado mkononi. Kufika ukurasa wa pili aliiweka chaki chini.

Kazi ilikuwa yake. Alikuwa akipima matabaka ya kobalti na dhahabu yaliyopangwa moja juu ya jingine, kila moja likiwa na unene wa atomu chache tu. Unapiga mwale wa leza juu yake, na usumaku wa matabaka hubadilisha kidogo mwale unaorudi. Tatizo lilijulikana: tabaka la juu hujibu kwa nguvu, la chini kabisa hujibu kwa unyonge, na majibu yote hurudi yamechanganyika. Kalunde aligundua kwamba ukiweka kipande fulani cha kioo mbele ya kipokezi, ukakizungusha hadi nyuzi zinazofaa, tabaka la juu hunyamaza na la chini husikika peke yake. Yaani mtu anaweza kuchagua kina anachotaka kupima.

Alipompelekea msimamizi wake, Profesa Brandvold, michoro yake, mzee yule hakuitazama hata dakika moja. "Sampuli yako ni chafu," alisema. Baada ya miezi miwili akawaandikia wafadhili kwamba mwanafunzi huyu hajapata matokeo yoyote.

Sasa matokeo hayo yalikuwa hapa, chini ya jina la Brandvold na majina ya vijana wawili wa maabara. Jina la Kalunde lilikuwa mwishoni, kwa herufi ndogo, akishukuriwa kwa kusafisha vioo.

Jioni mama yake, Mumbua, alimkuta jikoni akikata sukuma wiki kama anayepigana nayo.

"Wamekuibia nini hasa?" Mumbua aliuliza.

"Miaka mitatu, Mwaitu," alisema, akimwita mama kwa Kikamba. "Na hata kuiba hawajui. Angalia hapa." Alimwonyesha mchoro wa tatu, mstari uliopanda vizuri kisha ukafanya kijongo upande wa kulia. "Siku hiyo niligonga meza kwa goti, leza ikatikisika. Niliandika kwenye daftari langu: puuza hapa, rudia kipimo. Wao wameandika aya tatu kueleza kijongo hicho. Eti ni tabia mpya ya kobalti inapokutana na dhahabu!"

Mumbua hakucheka. "Basi huyo mtu mpigie simu. Akusikie sauti."

Jumamosi Kalunde aliteremka hadi mji wa Wote. Posta walimwunganisha baada ya saa nzima.

"Sayansi ni kazi ya pamoja, Kalunde," Brandvold alisema. "Wazo lile lilikuwa la maabara yetu."

"Na kile kijongo ni cha maabara pia?"

"Kijongo gani?"

"Mchoro wa tatu. Ni goti langu, Profesa. Nina tarehe."

Brandvold akasema ana mkutano, na laini ikakatika.

Kalunde alivuka barabara hadi duka la Evanson Njogu, mfanyabiashara aliyekuwa na mashine pekee ya fotokopi aliyoiamini. Alimpa daftari alilorudi nalo kutoka Ulaya, anakili kurasa kumi na nne. Evanson aliinua ukurasa mmoja kwenye mwanga.

"Mwalimu, hii ni kesi?"

"Ni kesi."

"Basi ngoja niongeze wino. Kesi haipelekwi na karatasi iliyofifia."

Barua ya Kalunde kwa wahariri wa jarida haikuwa ya kuomba. Aliandika lini alipima, kioo kilikuwa nyuzi ngapi, na kwa nini mtu yeyote atakayerudia kipimo bila kugusa meza hatakiona kijongo kile kamwe.

Wahariri waliwapa wapimaji wengine, katika nchi nyingine, warudie kazi hiyo. Kijongo hakikuonekana. Mwezi wa Oktoba jarida likachapisha sahihisho la nusu ukurasa: maelezo ya mchoro wa tatu yameondolewa, na jina la Kalunde limeongezwa kwa waandishi. La nne kati ya wanne.

Mumbua alitaka kuchinja mbuzi. "Si wamekubali?"

"Wamekubali kosa, Mwaitu. Wizi bado hawajautaja."

"Lakini wale waliorudia kipimo si wamekuandikia, wanataka ukamalizie shahada kwao?"

"Wameandika. Nitaenda Januari." Kalunde alisukuma sahani kando, akafuta meza kwa kiganja na kutandaza karatasi safi. "Lakini barua hii ya pili naiandikia chuo cha Brandvold, kwa mkuu wa chuo mwenyewe. Nataka anijibu kwa nini wafadhili waliambiwa sina matokeo."

Mama yake akamletea kalamu.