Konde Lililofyekwa Mbele ya Zélie

Siku ya saba ya kuchora, Zélie Vasseur alifika ukingoni mwa mto Oise akamkuta Mzee Anthime, mwenye konde, ananoa fyekeo. Roho ilimpasuka. Picha yake ya majani marefu ilihitaji saa moja tu zaidi ya jua la asubuhi ikamilike, na jioni ilitakiwa Paris, kwenye ukumbi uliokodiwa na wachoraji wenzake waliochoka kukataliwa na wakubwa wa maonyesho rasmi.

"Nipe saa moja, mzee."

"Saa moja! Wingu lile hulioni? Ng'ombe wangu hawali picha, bibie."

"Basi anzia kule."

"Konde langu, wewe unipangie? Makubwa!" Akachungulia turubai. "Na majani yangu yamekuwa zambarau tangu lini? Unaumwa macho?"

"Inama uangalie kivulini, ndipo ubishe."

Hakuinama ng'o. Alianza kufyeka. Zélie akamsimamia mbele, brashi mkononi, na ufupi wake wote! Mzee akatukana, akamzunguka, akaendelea. Zélie alipaka mbiombio, lakini wapi! Jua lilipopanda, upande aliokuwa akiuchora yalibaki majani yale tu yaliyogusa sketi yake.

Shangazi Philomène, aliyekaa pembeni kumchunga maana binti wa heshima haachwi kondeni peke yake, alifunga mwavuli. "Twende. Utamalizia nyumbani. Si unayakumbuka?"

"Nayakumbuka."

"Sasa?"

"Sasa siyaoni. Kuchora usichokiona ni kazi ya wale mabwana wanaotukataa, wanaochorea vyumbani. Mimi sitaki!"

Akachukua kisu cha rangi, akaikwangua picha yote. Kazi ya siku sita ikadondoka chini, tope tupu.

"Umerogwa wewe?" Shangazi alipiga kelele. "Na jioni wanaisubiri!"

Iliuma, tena sana. Machozi yalimtoka Zélie, asiyafute, maana mikono ilikuwa na rangi. Akaminya rangi ya manjano, akaanza upya: vishina vya majani yaliyofyekwa, marundo yaliyolala, wingu linalokuja, na mgongo wa yule mzee mkaidi. Hakula, hakukaa.

Saa tisa alasiri aliishusha turubai, rangi ingali mbichi, vipande vya majani vimenasa humo.

"Hii ndiyo unapeleka?" Shangazi aliuliza. "Haijaisha hata! Watakucheka."

Zélie alitazama konde. Anthime naye alikuwa bado hajafika nusu.

"Wacheke," akasema. "Halafu waje hapa wanionyeshe nilipodanganya."