Usigeuke, Mwigulu

Watu wa Kharumwa wakitaka kumchokoza Mzee Sostenes wanamwuliza habari za kinu chake. Basi na sisi tuanzie hapo hapo kwenye kinu, maana bila kinu hadithi hii haina kichwa wala miguu.

Mzee Sostenes na mkewe, Mama Vumilia, wana bwawa la samaki nyuma ya nyumba. Zamani lilikuwa shimo la watu waliokuja kuchimba moramu ya barabara. Barabara ikaisha, watu wakaenda zao, mvua ikalijaza shimo, na Mama Vumilia akapandikiza sato. Mwaka huu sato walinenepa vizuri, na fisi maji naye akapata habari. Alikuja alfajiri, akala tumbo la huyu na kichwa cha yule, na mikia akaiacha ukingoni ili wenye bwawa wajue alishiba.

Mzee Sostenes akapata kibali kwa bwana wanyamapori, akanunua mtego wa chuma wenye meno. Kutega hakukumshinda. Kilichomshinda ni kuufunga huo mtego mahali. Mara ya kwanza aliufunga kwenye mche wa mpapai, na asubuhi mpapai ukakutwa katikati ya bwawa na majani yake yote, unaelea. Mara ya pili akaufunga kwenye kinu cha mkewe, kwa hoja kwamba kinu ni kizito. Jamani, kinu ni kizito nchi kavu! Majini ni mtumbwi. Fisi maji alikizungusha bwawa zima huku majirani wamejaa ukingoni wanashangilia, kisha akachomoa mguu wake akaenda zake. Kinu kikabaki huko huko majini, na Mama Vumilia akawa anatwangia kwa jirani, hasira zimemkaa kooni.

Sasa hapo ndipo anapoingia Mwigulu. Mwigulu ni mchimbaji. Kazi yake shimoni ni kusimamisha matimba, ile miti inayozuia udongo usiwafukie watu, na kufunga kamba wanazoshukia. Kamba ikishafungwa na Mwigulu, watu hushuka wanapiga soga. Na huyu Mwigulu alikuwa anampenda Vumilia, binti wa nyumba hiyo, mapenzi ya kumfanya mtu mzima acheke peke yake njiani. Vumilia naye alimpenda. Mshenga, mzee mmoja mpole aitwaye Herman, alishapeleka posa, na Mzee Sostenes hakuwa na neno.

Mwenye neno alikuwa mama. Mchimbaji, alisema Mama Vumilia, ni mtu wa kupita. Leo yuko hapa, kesho akisikia dhahabu imetema upande wa Katoro anabeba sururu na kumwachia mke sufuria linachemka. Tatizo lake lilikuwa moja tu: hilo huwezi kulisema mbele ya wazee, kwa sababu nusu ya Kharumwa inakula kwa uchimbaji. Alihitaji sababu. Herman aliambiwa afuate jibu Jumamosi alasiri, na Vumilia alishaanza kulia toka Jumatano, kwa maana mama yake akitafuta kitu lazima akipate.

Mwigulu akaona bora afe anajaribu. Ijumaa jioni akamwomba Mzee Sostenes ruhusa ya kuufunga ule mtego kichimbaji. Alikataa habari ya kigingi cha mti, kwamba kwenye tope kigingi kinang'oka kama jino bovu. Alichukua gunia, akalijaza mawe, akalizamisha katikati kwenye kina kirefu. Toka kwenye gunia akavuta waya mnene mpaka ukingoni, akaukaza kwenye mtaimbo alioupigilia hadi ukagonga mwamba. Kwenye waya akapitisha kipande cha chuma alichokikunja na kukitoboa. Chuma hicho kikivutwa kwenda kilindini kinateleza, kikivutwa kurudi ukingoni kinauma waya na kugoma. Mnyororo wa mtego akauwekea kiungo kinachozunguka chenyewe, ili mnyama akijisokota asiukate. Mwisho, mnyororo na kile chuma akaviunganisha kwa kufuli, kwa sababu machimboni mnyororo usio na kufuli ni mali ya kila mpita njia. Ufunguo akautundika shingoni kwa uzi mwekundu.

Alimweleza Mzee Sostenes kwa majivuno, na mimi simlaumu, kwamba kitakachonaswa hapo hata kiwe dume la ng'ombe kitakwenda upande mmoja tu. Akamwomba awaonye watu wa nyumbani. Mzee akasema hilo liko mikononi mwake. Asubuhi akaenda mnadani na mikono yake, na onyo akaondoka nalo.

Jumamosi hiyo Mwigulu aliamka na furaha isiyo na sababu. Mchana akavaa shati la posa, akapita njia ya bwawani akiimba, roho inamdunda kwa matumaini. Alipofika kwenye ua wa minyaa aliona mnyororo umekazwa, waya unatetemeka, mtego hauko ukingoni. Moyo ukamruka. Akatupa macho majini, akaona kilemba. Chini ya kilemba kulikuwa na kichwa cha Mama Vumilia.

Aligeuka upesi mpaka shingo ikalia. Kwa watu wa huko mkwe hakai mkeka mmoja na mama mkwe, hapiti karibu yake, hamtazami machoni. Kumkuta ndani ya maji hata haina jina, maana haijawahi kumpata mtu.

"Wangaluka, mayu," Mwigulu akauamkia ua wa minyaa.

"Usigeuke," ilijibu sauti kutoka majini.

"Sijageuka, Mama. Na sitageuka."

Mama Vumilia akamweleza, kwa kifupi na kwa uchungu. Alikuja kuutazama mtego akiomba uwe mtupu, apate la kuwaambia wazee. Alipoinama, pindo la kitenge likatangulia. Mtego ukafyatuka, yeye akaruka, akaangukia majini. Kila akijivuta arudi, kile chuma kiligoma. Kila akilegeza kidogo, kilimpeleka mbele, mpaka maji yakamfika kifuani. Kuvua kitenge hakuwezekani, kwa kuwa siku hiyo gagulo lilikuwa kwenye kamba linakauka. Na kitenge chenyewe kilikuwa kipya na kigumu, hakichaniki. Vumilia alikuwa sokoni. Mwigulu alipogusia kuita majirani, wale wale wa kinu, Mama Vumilia alisema akiita jirani hata mmoja yeye atazama hapo hapo na maziko yawe juu ya Mwigulu.

Mwigulu alijiona ameshaikosa posa. Jasho lilimtoka kwenye shati lake zuri. Hata hivyo, ukichunguza, ndani yake kulikuwa na kijicheko kinataka kutoka, na alikuwa anakizuia kwa meno.

Akakata fito, akafunga ufunguo kwenye ncha kwa ule uzi mwekundu, akaanza kwenda kinyumenyume na fito begani. Sauti ya Mama Vumilia ikawa inamwongoza: kushoto, siyo huko, kushoto kwangu, unakwenda kwenye tope, nimesema kwangu. Viatu vikajaa maji. Akaingia hadi magotini, akaipeleka fito nyuma, akahisi inaguswa. Halafu akasikia chubwi.

"Ufunguo umeanguka," alisema Mama Vumilia.

Mwigulu akafumba macho. Aliomba msamaha kwa ajili ya ufunguo, kwa ajili ya uzi, kwa ajili ya fito. Alikuwa bado anaomba pale maji yalipochapwa upande wa kulia kwake, na sauti ya mama ikabadilika ikawa ya kunong'ona.

"Mwigulu. Fisi maji huyo. Yuko nyuma yako, mkubwa kama mbwa. Amebeba sato wangu, anakula huku ananitazama. Geuka umwone."

Ewe msomaji, mimi ningegeuka. Mnyama uliyemwazia usiku kucha, mnyama wa kukupatia mke, yuko nyuma yako anatafuna, na ruhusa umepewa! Mwigulu misuli ya shingo ilimsimama. Akang'ang'ania fito kwa mikono miwili.

"Nimesema sitageuka, Mama," alisema. "Acha ale."

Kisha Mwigulu akasema amepata njia. Atalimwaga lile gunia la mawe kule katikati. Gunia likiwa tupu, waya utalegea, chuma kitachomoka mwishoni, na mama atatoka na heshima yake. Alivua shati la posa akajifunga nalo macho, akazunguka bwawa kwa kupapasa, akaingia upande wa pili.

Alipiga mbizi, akaibuka, akapiga tena. Mara paji la uso likagonga kitu kigumu, akaruka nyuma.

"Nisamehe, Mama! Nisamehe sana, sikukusudia."

"Hicho ni kinu," ilisema sauti kutoka mbali.

Mwigulu akakiomba kinu msamaha vilevile, kwa kuwa alishaanza, akazama. Safari hii alilipata gunia. Alitoa mawe moja moja, akipanda kuvuta pumzi na kushuka tena, masikio yanavuma. Gunia lilikuwa halijapungua hata nusu pale aliposikia sauti ya Mama Vumilia toka ukingoni, kavu na tulivu, inamwambia mambo yamekwisha, atoke akajifute, Herman ameshaonekana njiani. Akahesabu kwamba waya umelegea na chuma kimechomoka chenyewe. Akangoja mlango wa nyumba ugonge ndipo akafungua macho.

Alasiri wazee walikaa uani. Mzee Sostenes alikuwa amerudi toka mnadani bila habari yoyote. Mwigulu alikaa nyuma ya Herman na shati linalonuka tope, paji la uso limevimba, anatazama kidole chake cha mguu. Alishajiandaa. Alikuwa amempa mama sababu nzuri kuliko zote, sababu ya kuhadithiwa mpaka Geita mjini. Vumilia alichungulia mlangoni na macho mekundu.

Herman akakohoa, akaomba jibu kwa maneno marefu ya kishenga. Mama Vumilia alikuwa amevaa kitenge kingine, na gagulo ndani, na kilemba kile kile.

"Nilisema mchimbaji ni mtu wa kupita," alisema. "Leo nimevuta kwa nguvu zangu zote, kilichofungwa na huyu hakikutoka. Nikamwambia asigeuke. Hakugeuka. Alete ng'ombe."

Wazee wakatazamana. Herman alidhani amesahau nusu ya mazungumzo kwa sababu ya uzee, akawa anaitikia kwa kichwa ili asijulikane. Mzee Sostenes akauliza nani alivuta nini, akaambiwa anyamaze, akanyamaza. Mlangoni Vumilia alipiga kigelegele mpaka kuku wakakimbia. Mwigulu alitaka kusema asante, machozi yakatangulia kumtoka mbele za watu na wala hakujali.

Chakula kikaja. Vumilia alimwekea sahani yake kando, imefunikwa, akasema mama kaagiza aifunue mwenyewe. Kulikuwa na ugali, na sato mzima mwenye kichwa na tumbo lake. Kando ya sato kulikuwa na ufunguo wenye uzi mwekundu.

Mwigulu aliushika. Haukuwa na tope. Uzi ulikuwa mkavu, unanukia mafuta ya nywele. Ndipo akakumbuka gunia ambalo halikuwa limepungua hata nusu, na lile chubwi lililofanana mno na jiwe. Ufunguo haukuwahi kuanguka popote. Ulikuwa ndani ya kilemba muda wote, toka fito ilipoguswa.

Akamwuliza Vumilia kwa sauti ya chini kama kuna mtu amemwona fisi maji leo. Vumilia akasema huyo mnyama ana siku kadhaa hajatia mguu bwawani, kwa nini?

Jikoni mtu alikuwa anacheka. Alianza kwa kujizuia, akaziba mdomo kwa upande wa kitenge, halafu akashindwa kabisa, akacheka mpaka akagonga sufuria. Mwigulu alimsikia vizuri, lakini alibaki ameinamia sahani yake na hakugeuka.