Ufunguzi na Siku ya Tisa

Kabla hajashika maneno, Milqueya aligundua jambo dogo: gari la matangazo lilipunguza sauti lilipofika mbele ya nyumba yao. Ngoma zilinywea, tarumbeta zikawa kama zinapigwa chini ya blanketi. Lilipokwisha kuipita nyumba likanguruma upya: ligi imetangaza, mechi ya ufunguzi iliyoharibiwa na mvua sasa ni Jumamosi jioni, kwa fataki, na kofia za bure kwa watakaowahi!

Jumamosi jioni ndiyo siku ya tisa ya sala za kumwombea marehemu bibi yake, Mamá Chea, siku ya kumuaga kabisa.

Milqueya alikuwa ameshaazima viti mtaa mzima. Alivitazama pale uani, akaviona vimekaa vitupu. Hapa San Pedro, nani aache ufunguzi wa besiboli aje kwenye rozari? Na siku ya tisa ikikosa watu, mtaa husema marehemu hakuwa na watu wake.

"Sisogezi," alisema Babu Fello, mumewe Chea. "Ligi ina televisheni, ina wauza bia, ina wakubwa wa kurusha mpira wa kwanza. Chea ana mimi. Ya tisa ni ya tisa."

Bi Ercilia, msalishaji wa mtaa, alikuwa jikoni akiponda tangawizi ya kahawa. "Nani kakwambia usogeze siku? Sogeza saa, mzee mbishi wewe! Chea hakukosa ufunguzi hata mmoja tangu nimjue. Ukimwombea jioni, roho iko uwanjani inamzomea mwamuzi. Sala zetu zitamkuta nani hapa?"

"Sema tu una tiketi."

"Ninayo! Tena kiti kizuri. Na rozari nitaisalisha bila kuruka hata Salamu Maria moja."

Babu alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Alijifuta macho kwa kiganja. "Mchana, basi. Lakini watajuaje? Wote tulishawaambia jioni."

Milqueya, ambaye kwa haya hata chumvi alikuwa akiiomba kwa jirani kwa ishara, alitoka bila kuaga. Alimkuta Ñico, mwenye gari la matangazo, akifuta vumbi kwenye vipaza sauti.

"Umefuata kofia, mrembo?"

"Bibi..." alisema, akakwama.

Ñico hakumharakisha. Aliweka kitambaa chini, akangoja.

"Sala ni mchana," alimalizia Milqueya. "Watu hawajui."

"Ligi imeniambia nitangaze maneno yake tu, dada." Ñico alijikuna shingo. "Lakini haikuniambia nivutie pumzi wapi."

Kuanzia Jumamosi asubuhi gari lilizunguka mtaa kwa mtaa. "Ufunguzi jioni! Fataki! Kofia za bure!" Kisha pumzi ndefu, na muziki ukazimwa. "Na mchana, jamani, kwa Mamá Chea, aliyewatukana wachezaji wenu mmoja mmoja kwa jina na kuwalilia wakiumia. Usipopita kwake, uwanjani unakwenda kutafuta nini?"

Walikuja. Walikuja na fulana za timu, wapiga ngoma wakaegemeza ngoma zao ukutani kwa adabu, akina mama wakawavua watoto kofia. Viti vikaisha, watu wakasimama mpaka barabarani, wakaitikia rozari kwa sauti za watu waliozoea kushangilia pamoja. Babu Fello aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika, na mikono asiyoijua ikamshika.

Mishumaa ilipozimwa, umati uliteremka kuelekea uwanjani.

"Nenda nao, mwanangu," babu alisema. "Kila mechi ya redioni ulikuwa ukiisikiliza na bibi yako. Nani anaupenda mchezo huu kukushinda?"

Milqueya alitikisa kichwa. Babu alipotoka kukusanya viti, alibaki peke yake mbele ya meza ya sala, akakunja kitambaa chake cheupe, akakilaza kifuani.

"Bibi," alisema, kwa sauti ya kusikika, "besiboli sijawahi kuielewa. Nilikuwa nakuja kukaa na wewe."