Kadi ya Zamu ya Mchana

Deka aliiweka nakala ya kadi mezani, akaigeuza imwelekee mzee Korane. Ilikuwa kadi ya kiwandani, ya kugongwa kwenye saa ya mlangoni kila mtu aingiapo zamu. Novemba 1969, saa nane kamili mchana.

“Hii ndiyo iliyoua kesi, babu.”

Saa nane na robo mchana huo, Gedi, baba wa mama yake Deka, aliuawa kwa kupigwa chuma kichwani barabarani Kings Heath, mtaa wa Birmingham, Uingereza, ulio mbali na kiwanda, na Mzungu aliyekuwa akimfokea arudi kwao. Korane, rafiki wa Gedi, aliwaambia wapelelezi kwamba alimwona muuaji, akamtaja kwa jina. Wakaitazama kadi, wakamwita mwongo, jalada likafungwa. Sasa lilikuwa limefunguliwa upya, na mtu yule bado alikuwa hai. Lakini wakili wa familia alikuwa amesema wazi: shahidi asipoieleza kadi kabla ya Ijumaa, basi.

“Kunywa chai,” Korane alisema. “Nyinyi mliozaliwa huku mnaitazama chai kama dawa.”

“Nitakunywa ukinijibu. Ulikuwa kiwandani au barabarani?”

“Ulimi huo umeutoa wapi?”

“Kwa mama. Jibu, babu.”

Mzee alicheka kidogo, kisha akaacha. Dirishani, maduka mapya ya Longbridge, pale kilipokuwa kiwanda, yalikuwa yamejaa watu.

“Barabarani. Tulikuwa tunagongeana kadi. Ukichelewa, mwenzako anakugongea.”

“Wewe alikugongea nani?”

“Dalmar.”

Dalmar alikuwa mdogo wake Gedi, ndiye aliyemlea mama. Tangu azikwe, hakuna aliyemtaja nyumbani bila kusifu uaminifu wake.

“Ningesema, angefukuzwa siku hiyo hiyo,” Korane aliendelea. “Bibi yako alikuwa na mimba ya miezi minane. Nilimwambia Dalmar twende tukaseme pamoja. Akalia. Akaniuliza, mtoto akizaliwa atalishwa na nani?”

“Na mtoto alipokua? Miaka hamsini na sita, babu!”

“Alipokua, ilikuwa aibu tu.”

Deka alikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Aliyameza, akashika kalamu aandike ushahidi wa mzee. “Nitaandika ‘mwenzangu mmoja’.”

“Wataniuliza nani. Nikificha, nitakuwa mwongo mara ya pili. Andika jina.”

Hakuandika. Alimpigia mama yake simu, akamweleza yote polepole, bila kupunguza kitu.

“Mama, upo?”

“Nipo. Yeye Dalmar alinipa kila kitu. Lakini aliyeuawa ni baba yangu. Andika.”

Deka akaandika. Korane alivaa miwani, akasoma mstari kwa mstari huku kidole kikifuata maneno. Alipofika kwenye jina la Dalmar alisimama kidogo, midomo ikicheza kwa dua. Kisha akaomba kalamu atie sahihi.