Ubeti wa Pili wa Denis

Mjomba Thobias alivaa koti lake la harusi na misiba, akanyoa ndevu mpaka akajikata, kisha akamwonya Denis kwamba mbele ya mama mkwe kijana hufunga mdomo. Onyo zuri, ila lilichelewa miaka miwili. Mdomo wa Denis ulikwisha kufanya kazi yake.

Walikuwa wanakwenda Kambarage, mtaa wa Shinyanga mjini, kuposa. Binti mwenyewe, Juliana, alikwisha ridhia. Aliyebaki ni mama yake, Theopista, mwanamke wa Ushirombo aliyekuwa na mgahawa kule machimbo ya Lwabulele, Geita, enzi za Mwenyekiti Maduhu.

Maduhu hakuchaguliwa na mtu. Alianza kwa kumiliki duara moja, yaani shimo la dhahabu, akaishia kumiliki watu. Kila kijana wa machimbo, Denis akiwamo, alilazimishwa kujiunga na Vijana wa Mwenyekiti. Ukikataa hushuki shimoni, na usiposhuka huli. Walivalishwa fulana za rangi ya chungwa, wakapiga kwata kila Jumamosi, wakapiga makofi hata Mwenyekiti alipopiga chafya. Kisha ikatoka amri kwamba kila ukuta utundikwe picha yake. Mama Theopista akajibu kwamba ukuta wake una picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, na hao wawili hawawezi kukaa nyumba moja bila kugombana.

Kwa jibu hilo vijana waliamriwa kwenda kumwimbia mlangoni asubuhi, wateja wakiwa wanakunywa chai. Wimbo ulitungwa na Maduhu mwenyewe: "Theopista ni adui, adui wa maendeleo." Ulikuwa mkavu kama muhogo wa juzi, na wateja waliendelea kutafuna. Mambo yangeishia hapo, kama Denis asingekuwa mjukuu wa manju wa Kolandoto, mzee aliyeshinda mashindano ya ngoma kwa kuwaimba wapinzani hadi wakafungasha virago. Damu ikamchemka. Akatoka mstarini, akatupa ubeti wa pili:

Wali wa Theopista, hesabu punje zake;
Samaki wa Theopista, miba na macho yake;
Mchuzi wa Theopista, jitazame uchane nywele!

Machimbo yote yalicheka. Mteja mmoja alicheka na samaki mdomoni, nusura mwiba umkwame. Tangu siku hiyo hakuna aliyetaka kuonekana akila pale, na kabla mwezi haujaisha Mama Theopista alifunga mgahawa, akahamia Shinyanga mjini kuuza supu na chapati. Wimbo ukapanda basi, ukamfuata. Watoto wa bombani Kambarage wakawa wanauimba huku wanajifanya wanachana nywele.

Sasa Maduhu alikwisha toroka, fulana za chungwa zimekuwa matambara ya kufutia pikipiki, na yeyote wa Lwabulele ukimuuliza atakwambia alilazimishwa. Denis naye alikuwa na maneno hayo hayo, ameyafanyia mazoezi njia nzima.

Mama Theopista aliwakaribisha vizuri, akaitikia shikamoo ya Denis, akamwacha mjomba azunguke na maneno ya adabu mpaka yakamwishia. Ndipo akamgeukia kijana, akataka kusikia habari za ule wimbo.

"Tulilazimishwa, mama," alisema Denis.

"Najua. Niliwaona wenye fimbo nyuma yenu. Hebu uimbe, unyamaze pale amri ilipoishia."

Denis akauimba ubeti wa Maduhu kwa sauti ya mgonjwa, akanyamaza. Alidhani amevuka. Lakini wimbo mtamu hauna ndugu. Mjomba Thobias, ambaye mguu wake ulikwisha anza kupiga sakafu, akaupokea ubeti wa pili bila kujijua, akafika kwenye miba ya samaki ndipo akashtuka na kulishika shavu lake alilolikata kwa wembe.

"Na huo," mama akauliza, "nani alikuamuru?"

Denis alitafuta mtu wa kumsukumia, akamkosa. Alikumbuka, na aliona haya kweli kweli, kwamba mwezi mmoja kabla ya ubeti ule malaria ilimlaza, na mama huyu alimletea mchuzi kitandani siku nne.

"Hakuna, mama. Ulinijia tu, nikauona mtamu."

"Haya. Nenda ukautoe kwenye midomo ya watoto. Ukiutoa, mrudi."

Kazi ile ilimtoa jasho kuliko shimo lolote. Alianza kwa kuwakataza watoto, wakauimba kwa nguvu zaidi. Akawanunulia pipi, wakala, wakauimba na pipi mdomoni. Akatunga ubeti wa kumsifu mama, mpishi bora, mwenye moyo wa huruma, na kitoto kimoja kikamwambia kwa upole kwamba huo ni wa kanisani. Wiki tano zikapita. Denis akaelewa kwamba ubeti mtamu hautolewi ila na mtamu zaidi, na kwamba utamu huwa hauji bila mtu wa kuchekwa. Mtu huyo alimjua.

Akaenda bombani, akajikohoza, akaimba:

Denis wa Kolandoto, homa ilimlaza chali;
Denis wa Kolandoto, akaletewa mchuzi na wali;
Denis wa Kolandoto, kushiba tu, akamtukana mpishi!

Watoto waliupokea siku hiyo hiyo, wakaongeza na kujipapasa tumbo. Kufika Jumamosi Kambarage yote iliujua. Denis akipita, wanawake waliuliza Denis ndiye yupi, wakaonyeshwa kwa kidole. Kwenye kazi yake mpya ya ujenzi, fundi mwenzake aliuimba juu ya ngazi. Denis aliinamisha kichwa, akawa anapita uchochoroni, na huko uchochoroni akajua jinsi mama yule alivyopita Lwabulele mwezi mzima.

Jumapili alikwenda kwake peke yake. Mama Theopista alimkaribisha mezani. Alimpakulia bakuli la mchuzi, akaliweka mbele yake.

"Jitazame."

Denis akainama. Mchuzi ulikuwa mzito, kama ulivyokuwa siku zote.

"Sijioni, mama."

"Na siku ile ulijiona?"

"Hapana. Nilijua ni mzito."

Mama Theopista alimwongezea upawa mmoja, akasema mjomba anaweza kuja, ila asiimbe.