Gusa Chuma Kwanza

Meza yangu ya kutengenezea kompyuta ilikuwa nyuma ya pazia la nailoni, ndani ya saluni ya mama. Mbele ya pazia yeye anasuka na kukausha vichwa vya watu, nyuma mimi nafungua mashine. Nikisema tulikuwa tunaelewana nitakuwa nawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mama alitaka nirudi mbele kuosha nywele. Aproni yangu ya pamba aliitundika msumarini, imepigwa pasi, ili niione kila nikiinua macho.

Na mashine zenyewe zilikuwa zinanivua nguo hadharani. Ya fundi cherehani ilitoka kwangu nzima, ikafika kwake ikagoma kuwaka. Ya mwenye duka la dawa nayo hivyohivyo. Nikalaumu vipuri, nikalaumu umeme wa mtaa, nikamlaumu hata aliyeniuzia bisibisi. Baba huwa haongei mpaka sahani iwe tupu. Siku hiyo alimaliza kula, akanawa, akaniangalia.

"Hiyo ya daktari wa meno uliyo nayo sasa ikifa nayo, ile meza inatoka. Utamsaidia mama yako."

Kazi ile niliipenda kufa.

Basi nikajifunga kibwebwe. Ulikuwa msimu wa ukame, ukivua sweta nywele zote zinasimama, na adui nilimshuku: umeme tuli, ule unaojikusanya mwilini kisha unaruka kwenye ncha ya kidole. Wewe huenda usisikie chochote, na kipuri umeshakiunguza. Tena kinaweza kujikaza siku kadhaa ndipo kife. Nikatafuta mkanda wa kuvaa mkononi, wenye waya na kibanio cha kubana kwenye kasha la chuma la kompyuta, ili mimi na mashine tuwe kitu kimoja na umeme usipate pa kurukia.

Mama akachungulia.

"Makubwa! Mwanangu umejifunga kama mbuzi?"

"Ni kwa ajili ya umeme tuli, mama."

"Kama umetulia, unaufungia nini?"

Wateja wake wakaangua kicheko. Mimi nikanuna, nikaendelea kukaza skrubu.

Ilikuwa imebaki kupachika ramu tu, kile kibamba cha kumbukumbu ya mashine, bado iko kwenye mfuko wake wa kung'aa, daktari wa meno alipopiga hodi kuulizia mashine yake. Nikavua mkanda, nikatoka kumtuliza. Niliporudi, nilimkuta mama ameinamia kasha lililo wazi, brashi yake ya nywele mkononi, anainyoosha kuelekea kwenye bodi, ile sahani inayobeba vipuri vyote.

"Mama!"

Alishtuka, mkono ukaangukia ubavu wa kasha. Tah! Cheche ikaruka, naye akaruka nayo.

"Limeniuma!"

"Umegusa nini? Bodi umeigusa?"

"Bodi ipi? Nimegusa hili bati tu. Nilikuwa nakupangusia vumbi, kama siku zote."

"Siku zote?"

"Si ukienda kunawa? Unadhani ile ya fundi cherehani ilisafishwa na nani? Na ya duka la dawa? Zilikuwa na vumbi hizo, ningekuacha umrudishie mtu hivyo?"

Damu ilinichemka. Maneno makali yalishanifika mdomoni. Nikachukua ile brashi, nikaipitisha kwenye nywele zangu, nikaisogeza karibu na vipande vya karatasi mezani. Vikarukia brashi vyenyewe, vikaning'inia. Mama alivitazama, akatazama pazia la nailoni ambalo hulisugua kwa bega kila anapopita.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Nakuharibia nikidhani nakupamba."

Hasira zangu zote zikayeyuka. Nani anaweza kumgombeza mtu aliyemharibia kazi kwa kumsafishia?

Mama hakai na huzuni muda mrefu. Alimwacha mteja na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimetimka, akaling'oa pazia, akatundika shuka kuukuu la pamba, maana pamba haikusanyi umeme kama nailoni. Kisha akaninyooshea mkono.

"Haya, nifunge na mimi."

Nikamvisha mkanda, nikabana kibanio. Nikamwambia aguse chuma kwanza, ndipo ashike ramu, tena kwa kingo zake tu. Aliipachika akiwa ameuma ulimi, ikalia tak huku na huku. Nikamvua mkanda, nikachomeka waya wa umeme, nikabonyeza. Feni ikazunguka, kioo kikawaka, na vigelegele vya mama vikamleta baba mbio akidhani kuna harusi.

"Mbuzi wako amefaulu!" mama alimwambia.

Mashine ya daktari wa meno haikufa. Baba alisubiri wiki kadhaa, akamaliza sahani yake, akasema, "Meza ibaki."

Sasa nina chumba changu cha kazi ng'ambo ya barabara, na ile aproni nafunikia mashine zisiingie vumbi. Mama huja kila jioni. Akifika mlangoni husimama, akashika nondo za geti mpaka aridhike, ndipo aingie. Juzi nilimwambia aje tu, hakuna mashine iliyo wazi leo.

Hakunisikiliza. Alishika chuma kwanza, kisha akanikumbatia kwa nguvu.

"Mashine zako nimeshaziunguza," alisema. "Wewe sikuunguzi."