Idadi ya Waliokutwa

Kufikia saa nne asubuhi miguu ya mama mdogo ilikuwa imevimba hadi kandambili zikambana, lakini alikataa kukaa chini. Alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara tangu saa moja, yeye na watu wote wa bondeni, mstari mrefu uliofuata kona mpaka mwisho wake usionekane. Fundi cherehani alikuwa amefunga kibanda. Wanawake waliojifungua juzijuzi walikuwa wamewafunika vichanga wao jua lisiwapate. Mzee mmoja aliyepooza upande, ambaye kwa miaka miwili hakuwa amevuka kizingiti cha nyumba yake, alibebwa na wanawe pamoja na kitanda chake, akawekwa mbele kabisa. Chini ya mteremko, nyuma yao, nyumba sitini na tatu zilikuwa zimepigwa makufuli, na uwanjani walibaki kuku.

"Mama, kaa hata kidogo," mke wa fundi alimwambia.

"Mwanangu alisema tuonekane. Mtu akikaa, walio garini watamwonea wapi?"

Huyo mwanawe hakumzaa. Alikuwa binti wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka mitatu, na asubuhi ile alikuwa anakuja ndani ya gari la pili la msafara. Serikalini aliitwa Mshauri Mwandamizi wa Maendeleo ya Mikoa na Uwekezaji. Cheo kilikuwa kirefu kuliko upana wa mlango wa ofisi yake, hata fundi wa vibao akalazimika kukipanga mistari mitatu. Kazi yenyewe ilikuwa kushauri, na kwa miaka kumi na moja alikuwa ameshauri. Mara nyingi uamuzi ulikuwa umeshapita ndipo ushauri ukaombwa, kisha tarehe ikarudishwa nyuma ili mambo yaonekane yalikwenda kwa utaratibu. Alilijua hilo. Alikuwa amelizoea, jinsi mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Lakini safari hii lilikuwa bonde la kwao, na wiki mbili kabla alikuwa amempigia mama mdogo simu.

"Mama, Jumatano Mkuu wetu wa ofisi anakuja na wawekezaji kukagua bonde kwa ajili ya mradi. Ipo fomu ya wakazi. Mkiandikwa kwamba mpo, hakuna kubomolewa mpaka kila nyumba ipewe kiwanja ng'ambo ya mto. Msipoandikwa, mtaondolewa kama wavamizi. Kwa hiyo tokeni wote mje barabarani. Asibaki mtu ndani."

"Hata mgonjwa?"

"Hata mgonjwa. Wakiwaona kwa macho yao hawataweza kusema hampo."

Mama mdogo alipita nyumba kwa nyumba na maneno hayo. Na watu walimwamini, kwa sababu katika bonde zima ni yeye peke yake aliyekuwa na mtoto serikalini.

Msafara ulisimama. Mkuu alishuka, akapiga hatua chache, akampa mkono mzee aliyepooza, akampa mkono mama mdogo, akapunga, akapigiwa makofi. Wawekezaji walipiga picha. Mshauri naye alishuka, akajifanya anawasalimia watu wote sawasawa, mpaka alipofika kwa yule aliyemtaka.

"Umekonda," mama mdogo alinong'ona. "Hao unaowashauri hawakupi hata nafasi ya kula?"

"Nakula, mama. Mbona miguu imevimba hivi?"

"Achana na miguu. Wametuona?"

"Wamewaona."

Alirudi garini moyo umemtulia. Yote hayo yalichukua kama dakika sita. Hakutazama nyuma ahesabu magari, kwa hiyo hakujua kwamba la mwisho, lile la mpimaji wa ardhi, halikuwapo pale.

Ijumaa aliitwa na Mkuu. Mkuu alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na desturi ya kumkaribisha mtu chai kabla ya kumvunja moyo. Juu ya meza palikuwa na fomu na picha za mpimaji. Mlango na kufuli. Mlango na kufuli. Kibanda cha cherehani kimefungwa. Kuku. Kwenye kisanduku cha wakazi waliokutwa iliandikwa sifuri.

"Kaa, dada yangu. Hapa chini ndipo pa kusaini."

"Mkuu, watu wale uliwapa mkono."

"Niliwapa, na nilifurahi. Wakarimu sana. Lakini niliwapa mkono wakiwa wapi?"

Mshauri aliitazama picha ya kuku.

"Barabarani," Mkuu alisema taratibu. "Na barabara ndiyo mpaka wa eneo. Ndani mpimaji amekuta makufuli. Sasa kanuni inasemaje? Isome wewe, maana wewe ndiye uliyeiandika. Mimi naweza kukosea."

Hakuhitaji kuisoma. Mkazi ni yule aliyekutwa ndani ya eneo siku ya ukaguzi. Aliiandika mwenyewe miaka saba iliyopita, baada ya mradi mwingine ambao wakubwa walikwenda kusimika mabanda ya mabati kwa wiki moja, wakaorodhesha wajomba na mashemeji ambao hawakuwahi kulala pale hata siku moja, na viwanja vyote vikaishia kwao. Ile sentensi ilikomesha mchezo. Ilifundishwa kwenye semina. Alikuwa akijivunia, na hata wakati huo, akiwa amekaa mbele ya ile sifuri, hakuweza kuona ni neno gani ndani yake lilikuwa baya.

Barabara kuwa mpaka alilijua pia. Alidhani tu kwamba baada ya kusalimiana watashuka wote bondeni pamoja na wenyeji, kwa sababu ndivyo ukaguzi ulivyokuwa ukifanyika siku zote.

"Nani alimtuma mpimaji apite njia ya nyuma?"

"Mpimaji ana kazi zake. Alisikia kule barabarani kumejaa watu." Mkuu alikoroga chai yake. "Umeturahisishia, kwa kweli."

"Ukaguzi urudiwe. Naomba wiki moja tu."

"Urudiwe kwa ombi la nani? Lako?" Alifungua jalada jingine, jembamba. "Nimeambiwa una mama yako mle."

"Mama mdogo."

"Mama mdogo. Na kwenye tamko lako la maslahi, mwaka huu na mwaka jana, umeandika huna ndugu wala mali ndani ya eneo la mradi wowote. Mimi nakulinda, dada. Hili likifika juu watasema mshauri aliwatoa watu ndani ili kuvuruga ukaguzi kwa faida ya familia yake. Utafukuzwa, hilo dogo. Ushauri wako wote utafutwa, na miradi mingine ambako umewaokoa watu itafunguliwa upya. Hapo utamsaidia nani?"

Tamko lile hujazwa kila Januari, kurasa nne, na hakuna aliyewahi kulijaza akiwa makini. Wote huandika hakuna, hakuna, hakuna, wanasaini. Yeye pia.

Alilichukua jalada lenye fomu akakaa nalo siku mbili. Angeweza kuacha kazi. Angeweza kwenda kwa waandishi wa habari. Alifikiria yote hayo akiwa amekaa, na aliendelea kukaa. Siku ya tatu akasaini, na chini ya sahihi akaandika kwa mkono wake: "Wakazi wa nyumba zote sitini na tatu walikuwapo, wamesimama barabarani kwa wito wangu. Nashauri ukaguzi urudiwe." Alijiambia kwamba mtu wa juu atakayesoma atasimamisha kila kitu, na kwa siku nne alilala usingizi.

Nakala iliporudi ilikuwa imechapwa upya. Sahihi yake ilikuwa mahali pake. Maneno ya mkono hayakuwapo, ila palikuwa na mstari mmoja: maoni ya mshauri yako kwenye Kiambatisho cha Tatu. Alipekua jalada zima. Viambatisho vilikuwa viwili.

"Mama, mimi huchapa ninachopewa," katibu muhtasi alimwambia bila kuinua kichwa. Uso wake ulikuwa umejaa aibu, lakini vidole havikusimama.

Mashine zilishuka bondeni siku ya Jumatatu saa mbili asubuhi. Kabla ya adhuhuri kazi ilikuwa imekwisha. Aliyesimamia alikuwa na karatasi inayosema eneo halina watu, na kwa kuwa halikuwa na watu, hakukuwa na tangazo la kuhama wala lori la kubebea vitu. Watu wasiokuwapo walikimbia huku na huku wakiokoa sufuria. Yule mzee aliyepooza alitolewa tena na kitanda chake. Alifariki Alhamisi, kwenye veranda ya shule.

Mama mdogo alifika mjini Jumanne na gurudumu moja la cherehani, ambalo hakuweza kueleza alilichukuaje, na mlango wa nyumba yake. Dereva wa pikapu alimsaidia kuuingiza sebuleni kwa Mshauri.

"Mzima huu," alisema, akiupapasa. "Bawaba nimebadilisha mwaka jana tu. Utaniwekea nyuma ya makochi, usikuharibie nyumba."

Mshauri aliuweka nyuma ya makochi. Kisha akapiga magoti mbele yake, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili mwenye suti ya kazini, akamshika miguu.

"Mama, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi niliyewaambia mtoke. Mngebaki ndani mngeandikwa."

Mama mdogo alimshika bega. "Ulitutakia mema," alisema. "Kwani ulijua? Waliofanya haya ni hao wenye kutia sahihi. Inuka, utachafua sketi."

Alitaka kusema habari za sahihi. Badala yake akainuka, akaenda jikoni kuchemsha maji, na huko akalia huku bomba likiwa limefunguliwa ili kilio kisisikike.

Baada ya wiki mbili mama mdogo alitaka aandikiwe barua.

"Wewe unajua maneno wanayoyasikia hao. Niandikie nikitaja, nami nitasaini mwenyewe."

Wakakaa mezani, mama mdogo akitaja. Nimeishi pale miaka thelathini na minane. Mume wangu nimemzika pale, na watoto wawili wachanga. Siku ya wageni nilikuwapo, na Mkuu alinipa mkono, na mkono wake ulikuwa laini.

"Hilo la mkono laini tuliache, mama."

"Liandike. Ndipo atakumbuka kwamba alinishika."

Akaliandika. Mama mdogo akasaini jina lake kwa herufi kubwa, polepole, kama alivyofundishwa kwenye darasa la watu wazima, akapuliza wino ukauke ingawa ulikuwa wa kalamu ya kawaida. Kesho yake barua ilipokelewa masjala na kugongwa muhuri.

Siku ya tisa ilifika mezani kwa Mshauri. Malalamiko yote ya ardhi ya uwekezaji humalizikia kwake, na hilo pia lilikuwa utaratibu wake mwenyewe, ili yasipotee. Pembeni Mkuu alikuwa ameandika kwa wino wa kijani: "Mshauri, tafadhali toa ushauri, kwa kuzingatia taarifa uliyoisaini." Alizisoma zile herufi kubwa za mama mdogo mara nyingi. Akishauri barua ikubaliwe, anaikana sahihi yake, tena kwa ajili ya ndugu yake, na ushauri utatupwa. Akijitoa kwa sababu ya undugu, jalada litakwenda kwa mpimaji, ndiye anayemkaimu. Akishauri ikataliwe, imekataliwa, na kisheria hakuna pa kuipeleka tena. Barua ambayo haijajibiwa, kwa utaratibu, bado iko hai. Akafungua droo ya chini, akaiweka humo, akafunga kwa ufunguo.

Hiyo ilikuwa mwezi wa tatu. Mwezi wa saba barua bado ilikuwa kwenye droo ile ile, na kila siku alipotoka kazini alimkuta mama mdogo amekaa karibu na dirisha, kama siku hii, akichambua maharage kwenye sinia.

"Wamejibu?"

"Bado, mama."

"Sasa iko kwa nani?"

Mshauri alivua viatu vyake, akavipanga mlangoni. "Iko kwa ofisa anayeishughulikia."

"Unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Mwanamume?"

"Mwanamke."

"Mtu mzima?"

"Mtu mzima."

Mama mdogo alitoa kijiwe kati ya maharage, akakitupa nje ya dirisha.

"Ana mama?"

"Anaye," Mshauri alisema.

"Basi atanielewa." Akalisogeza sinia lipate mwanga. "Kesho ukionana naye, mwambie namsalimia sana."